Kempa Ikigoma Kaskazini: Dalili na Vyanzo kwa Anayesafiri Polepole kwenye Barabara ya Alaska

Anayekimbia Barabara ya Alaska kutoka Dawson Creek, Kanada, hadi Delta Junction, Alaska, kwa siku nne hukutana na matatizo ya gari: pancha, kioo kilichopigwa jiwe, breki zilizochemka. Anayekwenda polepole, akalala kambi hii siku tatu na ile siku mbili, hukutana zaidi na matatizo ya nyumba. Injini imezimwa kwa hiyo haichaji betri, tangi la choo linajaa, friji imeegama mteremkoni, na usiku wa Septemba unashuka chini ya sifuri. Njia nzima ni kama kilomita 2,200. Karakana zenye vipuri vya kempa utazipata Fort St. John, Whitehorse na Fairbanks. Kati ya hapo ni wewe na kisanduku chako cha spana.

Nikisema kempa nakusudia nyumba yoyote ya magurudumu, iwe na injini yake au trela la kuvutwa. Na kabla hujagusa chochote, shika jambo moja: kwenye kempa, umeme wa volti 12 ndio unaoiamrisha gesi. Heta, friji na chombo cha kuchemshia maji huchoma gesi, lakini vali zao hufunguliwa kwa nguvu ya betri. Ndiyo maana watu hubadilisha mtungi juu ya mtungi wakitafuta tatizo ambalo limekaa kwenye betri.

Heta inapuliza upepo wa baridi

Dalili hii ndiyo inayowaamsha watu usiku, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Shemeji yangu alinipigia kutoka Destruction Bay, kijiji cha Yukon, Kanada, saa kumi alfajiri, nje kukiwa na barafu. "Shemeji, samahani kwa saa hizi. Heta inapuliza baridi tupu, watoto wanatetemeka. Gesi imeisha, au?"

"Mtungi uache kwanza. Izime pale kwenye themostati, hesabu mpaka kumi, iwashe tena, halafu nisogezee simu karibu."

Nikasikia feni ikianza kwa mngurumo mzito, wa kujikokota, ikaendelea hivyo hivyo. Hakuna tik-tik-tik ya cheche. Nikamuuliza volti zinasomaje.

"Kumi na moja nukta moja."

"Basi gesi haina kosa. Sogeza gari, unga nyaya kwenye betri ya trela, acha injini iwake."

Dakika chache baadaye feni ilipandisha sauti, cheche zikapiga, kisha ule mvumo wa moto kushika. Akakata simu bila hata kuaga.

Kilichotokea ni hiki. Ukiwasha heta, feni hutangulia kwa sekunde kama kumi na tano ili kusafisha chumba cha moto. Ndani ya njia ya upepo kuna kibati chepesi; upepo ukikisukuma vya kutosha, kinafunga swichi, na hapo tu ndipo bodi ya umeme hufungua gesi na kupiga cheche. Betri ikichoka, feni huzunguka kivivu, kibati hakisogei, na bodi inakataa kufungua gesi. Inafanya vizuri kukataa, maana gesi ikijaa mahali pasipo na hewa ni balaa.

Kwa hiyo tumia masikio kabla ya spana.

Kimya kabisa: angalia fyuzi, themostati, na swichi ndogo iliyo kwenye heta yenyewe ambayo wengi hawajui kuwa ipo.

Feni inazunguka, cheche hakuna: pima volti kwanza. Zikiwa sawa, tazama kama kuna begi la nguo lililowekwa mbele ya wavu wa kuvutia hewa, au kama umefunga matundu mengi ya kutolea joto ili chumba kimoja kipate zaidi. Mwisho ndipo ufikirie vumbi na manyoya ya mbwa yaliyoganda kwenye kile kibati.

Cheche zipo, moto hakuna: hapa ndipo gesi inaposhukiwa kwa haki. Washa jiko, mafiga yote. Moto wa bluu uliotulia unasema gesi inafika. Moto ukiwa mdogo na dhaifu mara tu baada ya kubadilisha mtungi, huenda ulifungua vali kwa pupa; kiungio cha mtungi kina kizuizi kinachojibana kikihisi gesi imetoka kwa kasi, kikidhani bomba limekatika. Funga kila kitu, funga mtungi, subiri dakika chache, kisha fungua polepole. Baada ya kubadilisha mtungi pia kuna hewa ndani ya bomba; acha jiko liwake kidogo kabla ya kuidai heta moto.

Moto unashika kisha unazima baada ya sekunde chache: kihisi cha moto kina masizi, au waya wake wa ardhi umelegea kwa mitikisiko. Hiyo ya pili ni ya kawaida sana baada ya njia mbovu.

Heta nyingi hujaribu mara tatu kisha hujifungia. Ndiyo maana nilimwambia shemeji aizime na kuiwasha upya. Vinginevyo tungekuwa tunaisikiliza heta iliyokwisha kukata tamaa.

Je, gesi huganda? Propeni, gesi iliyo mtungini, hugeuka mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo usiku wa vuli hauigandishi. Kinachoganda ni unyevu ndani ya regyuleta, kile kifaa cha mtungini kinachopunguza shinikizo la gesi, hasa mtungi ukiwa umejazwa kupita kiasi. Mimina maji ya vuguvugu juu ya regyuleta. Usiipeleke karibu na moto. Vikopo vidogo vya jiko la mkononi ni habari nyingine: vingi vina byuteni, gesi nyingine, ambayo huacha kuwa mvuke karibu kabisa na sifuri. Kama chai ya asubuhi inakataa kuchemka kwenye jiko hilo, lala na kikopo ndani, si nje kwenye meza.

Betri imejaa jioni, imekufa alfajiri

Tumeshajua heta inaiua. Feni yake inakula ampea kadhaa kila inapozunguka, na kwenye baridi inazunguka sehemu kubwa ya usiku. Lakini siku hizi kuna mlaji mwingine, intaneti ya setilaiti. Watu huiacha ikiwaka usiku kucha ili simu zipokee ujumbe, na inakula kama balbu kubwa ya zamani isiyozimwa. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, nayo hula hata ikiwa hakuna kilichochomekwa. Zima vyote viwili kabla ya kulala, kisha ndipo ulalamike kuhusu betri.

Betri ya asidi iliyopumzika bila mzigo husoma karibu 12.7 ikiwa imejaa na karibu 12.2 ikiwa nusu. Chini ya hapo unaipunguzia maisha. Baridi nayo huipokonya uwezo, na betri iliyoisha huganda kirahisi kuliko iliyojaa. Betri ya lithiamu haisomeki kwa volti, kwa sababu inashikilia namba ile ile mpaka karibu na mwisho. Inahitaji mita ya kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kuna kisa cha lithiamu kinachowatesa sana waliotoka nchi za joto wakanunua kempa iliyoundwa kusini. Jua linawaka, paneli ni safi, chaja inaonyesha taa zote nzuri, na betri haipokei kitu. Betri hizo hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, na bodi yake ya ulinzi hufunga mlango. Hakuna kilichoharibika. Ipashe joto, kwa kufungua sanduku lake upande wa ndani ya chumba, na itaanza kula yenyewe.

Kuhusu sola: Juni kuna mwanga karibu usiku kucha, lakini jua linatembea chini chini likizunguka upeo wa macho, na misonobari inatosha kulikata. Paneli iliyolala bapa darini inapata kidogo kuliko unavyodhani. Paneli ya kusimamisha chini, unayoigeuza mara mbili tatu kwa siku, ina thamani kuliko mbili za darini. Kufika Septemba, Whitehorse inapoteza dakika tano au sita za mchana kila siku, na hesabu uliyopiga Julai haifai tena. Kama umekaa siku ya tatu bila jua la maana, endesha kidogo au washa jenereta.

Trela likiwa linavutwa siku nzima na betri bado haijai, fungua plagi inayoliunganisha na gari. Utakuta pini zimeota kijani na vumbi. Hata zikiwa safi, waya ule ni mwembamba na hupitisha umeme kidogo. Anayesafiri hivi kwa miezi hufunga chaja maalumu ya kutoka betri kwenda betri.

Chumba kina joto, bomba limeganda

Umelala kambi yenye umeme. Ukaona uokoe gesi, ukawasha heta ndogo ya umeme. Ndani raha mustarehe. Asubuhi pampu inalia na maji hayatoki.

Kwenye kempa nyingi, mabomba ya joto ya heta ya gesi hupita tumboni mwa gari, karibu na matangi na mabomba ya maji. Heta ya umeme inapasha watu tu. Tumbo linabaki na baridi ya nje. Usiku wa chini ya sifuri, iache heta ya gesi ijiwashe angalau mara kwa mara, fungua milango ya kabati za chini ya sinki, na uchomoe mpira wa maji wa nje kabla ya jua kuzama, maana ndio unaoganda kwanza. Jaza tangi lako, tumia pampu.

Bomba lililoganda lipashwe kwa kikausha nywele na subira. Asije mtu na moto wa gesi. Likishayeyuka, usiondoke hapo. Nyufa hujionyesha baada ya barafu kuondoka, na chujio la maji la plastiki ndilo linalopasuka kabla ya vyote.

Pampu inalia na maji hayatoki wakati hakuna baridi? Usiiamini geji ya tangi, huwa inadanganya. Tangi likiwa na maji kweli, tazama vali ya kuvutia dawa ya kuzuia kuganda, ile iliyotumika majira ya baridi. Mara nyingi imebaki imegeuzwa. Kisha safisha kichujio kidogo kilicho mbele ya pampu. Na pampu inayoshtuka sekunde mbili usiku wa manane huku mabomba yote yamefungwa inakuambia maji yanavuja mahali, mara nyingi kwenye vali ya choo.

Friji inafanya kazi kambini, nje ya kambi haipoi

Nazungumzia friji za amonia, zinazotumia gesi au umeme; zile za kompresa za volti 12 hazina shida na mteremko, shida yao ni betri.

Friji ya amonia haina pampu. Kimiminika hushuka chenyewe kwa uzito wake, kwa hiyo kempa ikiegama sana kinasimama mahali pamoja, kinaungua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ukisimama kwa nusu saa kupika chai haidhuru. Ukilala siku tatu kwenye uwanja mzuri wa ziwa lakini kichwa chako kiko chini ya miguu, friji inaumia. Tumia pima maji, weka mbao chini ya magurudumu. Kempa ikiwa sawa kiasi cha wewe kulala bila kubiringika, friji imeridhika.

Inapoa kwa umeme lakini si kwa gesi: fungua kifuniko cha nje utazame moto. Unatakiwa bluu na thabiti. Ukiwa wa njano na mlegevu, mitikisiko imeangusha kutu kutoka kwenye bomba la moshi juu ya kichomeo, au buibui ametanda ndani. Zima, acha ipoe, pangusa kwa brashi laini.

Haipoi kwa chochote, na nyuma kuna unga wa njano au harufu kali ya amonia: izime, fungua madirisha, toka. Hapo hakuna cha kujitengenezea. Nunua sanduku la barafu uendelee na safari.

Choo kinanuka

Kwa ufupi, maana hakuna anayependa kusoma haya akila. Kinanuka ukiendesha: umefungua dirisha, upepo unavuta hewa kutoka kwenye tangi. Kinanuka ukivuta maji ya choo: zima feni ya darini kwanza. Kinanuka bila sababu baada ya milima: maji yanayozuia harufu kwenye kiko, lile bomba lililopinda chini ya sinki, yamemwagika kwa kuyumba, mimina kikombe kimoja. Tangi linasoma limejaa baada ya kumwagwa: umekuwa bahili wa maji, uchafu umeganda kwa tabaka. Anayesafiri polepole huwa bahili wa maji, na hapa ndipo anapolipia. Mwaga kwenye vituo vyake tu, kamwe si porini wala kwenye vyoo vya shimo vya kambi.

Madirisha yanalia, nguo zinanuka ukungu

Watu wanne wakipumua usiku, jiko likiwaka, na nguo zenye mvua zikianikwa ndani, maji hayana pa kwenda ila kioo na ukuta nyuma ya godoro. Gesi ikiungua hutoa maji pia. Fungua tundu la dari kidogo na dirisha moja upande mwingine, hata kama kuna baridi. Heta yenye bomba la kutolea moshi nje itakausha hewa. Jiko la kupikia lisitumike kupasha chumba.

Na kengele ya kaboni monoksidi ikilia, usianze kuchunguza kama ni betri yake. Watu wote watoke kwanza. Kuumwa kichwa kwa watu wawili asubuhi moja ni dalili ile ile isiyo na sauti. Jenereta ya jirani upande wa upepo inatosha kuleta haya. Kengele ya gesi ya kupikia hukaa karibu na sakafu kwa kuwa propeni ni nzito kuliko hewa. Usiizibe kwa viatu.

Kabati zimefunguka, skrubu ziko sakafuni

Kuanzia Destruction Bay kwenda Beaver Creek hadi mpakani, barabara inakunjana. Chini yake kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima. Jeshi la Marekani lilipoichonga njia hii mwaka 1942, karibu theluthi ya askari wake wakiwa Waamerika Weusi, matingatinga yalikwangua majani na udongo wa juu uliokuwa ukizuia joto lisifike chini. Barafu ikayeyuka na njia ikageuka tope. Mpaka leo ardhi ile hupanda na kushuka, na lami juu yake inafuata. Baadhi ya mabonde huwekewa vibendera. Mengine utayajua kwa kutazama mstari wa katikati ya barabara: ukiona unapinda juu na chini mbele yako, ondoa mguu.

Chanzo cha kila kilichovunjika hapa ni mwendo. Kwa trela, kilomita 50 kwa saa kwenye sehemu mbaya ni mwendo wa heshima. Ukishapita, simama ukague kwa mpangilio: nati za magurudumu, springi na vishikio vyake, sehemu ya kuunganishia trela, kisha viungio vya gesi. Pakaza maji ya sabuni kwenye viungio huku mtungi umefunguliwa. Mapovu yakikua, kuna uvujaji. Kaza, pakaza tena.

Vumbi laini kwenye kitanda cha nyuma ni tatizo la njia za changarawe, hasa ukichepuka kwenye Dempster, barabara ya changarawe inayokwenda Inuvik, kaskazini ya mbali ya Kanada. Gari likikimbia huacha nyuma yake eneo la hewa pungufu, na vumbi hufyonzwa kupitia kila tundu la chini. Funga madirisha yote, kisha fungua kidogo tundu la darini linalotazama mbele, ili hewa iingie kwa nguvu na kusukuma vumbi nje. Ziba kwa sponji matundu ambamo mabomba yanapita sakafuni. Matundu ya hewa ya friji na heta yasizibwe vikiwa vinawaka. Barabara hiyo humwagiwa kloridi ya kalsiamu kutuliza vumbi. Ikichanganyika na tope huganda kwa ugumu wa ajabu na inakula chuma. Ukirudi Dawson City, mji ulio karibu na mwanzo wa Dempster (si Dawson Creek), osha chini ya gari kabla ya bodi.

Tairi zinazungumza

Limelika katikati: upepo umezidi. Limelika kingo zote mbili: upepo ni mdogo. Limelika ukingo wa ndani peke yake kwenye trela: ekseli imepinda au mzigo umezidi, na kubadilisha tairi hakutasaidia. Limetoa kivimbe: liondoe leo.

Tazama namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela huzeeka kabla ya kulika, na muuzaji wa kempa ya mkono wa pili atakuonyesha kashata nzuri bila kutaja umri. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Asubuhi ya Whitehorse si asubuhi ya Calgary, na upepo hushuka baridi ikizidi.

Kila unaposimama, pitisha mkono karibu na habu zote. Zote zikiwa vuguvugu, sawa. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, ni beringi au breki iliyoshika, na hiyo haiahirishwi mpaka mji unaofuata.

Kioo kikipigwa jiwe, bandika utepe angavu juu ya jeraha ili uchafu usiingie, na usiwashe upepo wa moto kwenye kioo cha baridi. Lori likija mbele kwenye kokoto, punguza mwendo. Kasi yenu nyote wawili ndiyo inayopiga.

Watu nao huharibika

Mwishoni mwa Juni jua la Whitehorse huzama karibu saa tano na nusu usiku na kuchomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri, na katikati hakuna giza kamili. Watoto hawalali, dereva anasinzia saa nane mchana. Ziba madirisha kwa karatasi ya kung'aa na ushike saa, usifuate jua.

Waislamu wana dalili yao: programu ya nyakati za swala inaonyesha Isha na Alfajiri zimekaribiana kupita akili, au inabadilika ukiigusa mipangilio. Simu haijaharibika. Programu hizi huhesabu Isha kwa jua kushuka nyuzi 15 hadi 18 chini ya upeo, na pale halishuki kiasi hicho kabisa, kwa hiyo programu inakisia kwa kanuni fulani. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka mtafuata kanuni ipi, na wote garini mtumie hiyo hiyo. Inuvik, ambako jua halizami kwa wiki nyingi, kuna msikiti: jengo lake lilisafirishwa kutoka Winnipeg, kwa barabara kisha kwa mto Mackenzie, mwaka 2010.

Tumbo likianza kuchafuka wiki moja au mbili baada ya kunywa maji ya kijito kizuri, mwambie daktari kuhusu kijito hicho. Vijidudu vya giadia huchelewa kujionyesha. Chemsha maji, hata yale ya bomba la mkono la kambi kama kibao kinasema hivyo.

Taa ya mafuta ya gari na hati za mpakani

Jaza kila tangi likifika nusu. Fort Nelson hadi Watson Lake ni zaidi ya kilomita 500 zenye vituo vichache, na vingine hufungwa msimu ukiisha. Kwenye Dempster kituo cha kwanza, Eagle Plains, kiko kilomita 369 kutoka mwanzo wa barabara. Nusu tangi ina kazi nyingine pia: Mei 2024 Fort Nelson yote ilihamishwa kwa moto wa msitu. Kila penye mtandao, fungua DriveBC au 511 Yukon, tovuti za hali ya barabara, kabla ya kuondoka.

Mpakani, wenye grini kadi ya Marekani huingia Kanada kwa kadi hiyo na pasipoti hai ya nchi yao. Wenye visa, na wenye hati ya safari ya mkimbizi, waulize mapema, wakikumbuka kwamba kwenda Alaska kwa barabara ni kutoka Marekani na kuingia tena. Dawa ya kupulizia dubu inaruhusiwa ikiwa lebo inasema ni ya wanyama. Ile ya kujikinga na watu hairuhusiwi, na bastola ibaki nyumbani.

Usichoweza kutengeneza, kiagize ukiwa bado mbali. Julai foleni za karakana za Whitehorse ni ndefu, na kipuri hutoka kusini kwa lori. Fundi atakuuliza namba ya modeli na ya seri, na namba hizo ziko kwenye kibandiko kilicho nyuma ya heta, ndani ya mlango wa friji na ubavuni mwa pampu. Vipige picha vyote leo, wakati bado una mwanga na mtandao.